SOMO: Jiko la kuni la kujitengenezea, kipi kikae kwenye moto na kipi kikae nje

Wakuu salama? Gesi haishikiki, mkaa nao ndo hivyo tena, naona wengi mnajijengea majiko ya kuni. Safi, ila material mnayoweka mengine ni hatari.

Hatua ya 1. Ligawe jiko kichwani kwanza: chumba cha moto, ujazo wa katikati, ganda la nje. Watu wanafeli hapa, wanatafuta kitu kigumu wakidhani ndo kinahimili moto. Moto wa kuni uliobanwa vizuri unaweza kupita nyuzi 900 za sentigredi, hapo ugumu peke yake hausaidii kitu.

Hatua ya 2. Visivyoruhusiwa kugusa moto. Zege la saruji, kuanzia nyuzi 300 hivi linaanza kupoteza nguvu, na likiwa na unyevu vipande vinaruka. Mawe ya mtoni yana maji ndani, mvuke ukikosa pa kutokea yanalipuka. Watu wa pwani, matumbawe msiguse kabisa, si ndo hayo yanachomwa kwenye tanuri kupata chokaa? Bati nalo limepakwa zinki, na zinki inayeyuka nyuzi 419 na moto ukizidi inatoa moshi, ukiuvuta baada ya masaa kadhaa homa na kutetemeka, unakimbilia kupima malaria kumbe jiko. Na bati za zamani za asbesto hata kuzivunja usivunje, vumbi lake linaleta kansa.

Hatua ya 3. Tofali la ndani. Udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, viringisha unene wa kidole uuzungushe kwenye kidole, ukikatika una mchanga mwingi. Changanya ndoo kwa ndoo na vumbi la mbao lililochekechwa (pumba za mpunga pia poa), finyanga, anika kivulini mpaka likauke kweli, hata wiki mbili, ndo uchome. Vumbi linaungua linaacha vitundu na hivyo vitundu ndo vinazuia joto lisikimbie, tofali linakuwa jepesi. Likimomonyoka punguza vumbi.

Hatua ya 4. Kati ya tofali na ganda jaza majivu makavu. Basi.

MASWALI

Mkuu, pipa la oili je?
Kwa ganda la nje sawa. Lakini usilikate kwa moto wala kulichomelea likiwa na mabaki, linalipuka, na rangi ichomwe iishe kabla hujapikia. Lililobeba dawa za shamba achana nalo.

Fundi kaniwekea tofali za kuchoma za kawaida, nibomoe?
Usibomoe. Zinadumu, shida yake nzito, zinakula moto mwanzoni kabla sufuria haijapata kitu.

Niko Gilgil, yale mawe meupe mepesi ya Kariandusi yanafaa?
Daiatomaiti hiyo, yanafaa sana, wewe una bahati aisee. Ukiyakata lowesha na uvae barakoa, vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Langu limepata nyufa siku ya kwanza tu
Uliwasha moto mkubwa likiwa bado bichi hilo. Siku za mwanzo washa vijiti tu. Ufa mwembamba uache, ukipitisha moshi ziba kwa udongo uleule na majivu, sio saruji.