Jinsi ya Kuacha Kubeti kwa Msaada wa Imani

Anza kwa kuitaja dhambi kwa jina lake. Usimwambie Mungu kwamba una udhaifu fulani; mwambie kwamba jana, saa tano usiku, uliweka mkeka kwa fedha ya ada ya mtoto. Kisha, kwa kuwa Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamane dhambi zetu sisi kwa sisi, mtafute mzee wa kanisa au ndugu mmoja anayejua kutunza siri, umwoneshe orodha ya miamala iliyomo katika simu yako, jambo ambalo, nakiri, ni gumu kuliko kufunga siku tatu. Futa programu ya kubeti mbele yake.

Paulo, katika Waefeso 4:28, hamwachi mwizi mikono mitupu, bali anamtaka afanye kazi ili apate cha kumgawia mhitaji. Nawe kiasi ulichozoea kubeti kila Jumamosi kitenge kwa ajili ya mjane aliye jirani yako, na saa ya mechi uitumie kwenye mazoezi ya kwaya.

Ukianguka tena, usisubiri ibada ya Jumapili. Tubu usiku huohuo, na umpigie ndugu yule kabla hujalala.