Plagi inalegea kwenye injini ya petroli ya ndege ya modeli? Usikaze tu, tafuta kilichoilegeza

Wakuu mnaorusha ndege za modeli zenye injini za petroli, hizi za cc 20 mpaka 60 kama DLE na nyingine za aina hiyo, kuna tatizo moja linalowapotezea watu muda mwingi na dawa yake iko pale pale juu ya hedi, yaani kichwa cha silinda. Injini ilikuwa inawaka vizuri, ghafla inakuwa ngumu kuwaka, mzunguko wa chini unapanda na kushuka wenyewe, ukiipa mafuta yote inakosa nguvu au inamisi, na mtu moja kwa moja anachukua bisibisi anaanza kuchezea kabureta. Kabureta inasingiziwa sana jamani. Kabla hujagusa skrubu ya L wala ya H, zile za kuseti mafuta ya mzunguko wa chini na wa juu, shika plagi kwanza, ile inayopiga cheche ndani ya silinda, manake plagi ikilegea kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) inavuja, na ukiseti kabureta wakati plagi inavuja umeiseti kwa injini mbovu, siku ukija kukaza plagi seti yote inabidi uirudie upya.

Kabla ya yote zima swichi ya ignisheni halafu chomoa betri yake kabisa, usitegemee swichi peke yake. Hizi injini zina sumaku ndogo kwenye habu ya propela (kitovu kinachoishika), ikipita tu mbele ya sensa moto unapigwa, kwa hiyo ukisogeza propela kwa mkono na ignisheni imewashwa injini inaweza kuwaka vidole vyako vikiwa pale pale. Halafu usiwashe kamwe ignisheni wakati kofia, ile ya mwisho wa kebo ya umeme, haijakaa kwenye plagi, ule umeme ukikosa njia ya kwenda kwenye bodi ya injini unaweza kuua boksi ya CDI (ile inayotengeneza umeme wa cheche), na boksi hiyo si kitu cha bei rahisi.

Sasa angalia kwa macho. Plagi inayovuja inaacha alama, utaona duara jeusi lenye unyevu wa oili pale washa, ile ringi ya kuzibia iliyo kwenye kitako cha plagi, inapokaa kwenye hedi, mara nyingine masizi yamerukia mpaka kwenye mapezi ya kupozea. Sehemu hiyo inatakiwa iwe kavu. Kama huna uhakika dondosha matone mawili ya oili kuzunguka kitako cha plagi, zungusha propela taratibu mpaka uisikie kompresheni inakaza, uangalie pale kwenye oili. Vikitoka viputo umeshapata jibu. Injini ikiwa inazunguka wengine wanasikia kabisa mlio wa tik tik au kama kamluzi hivi, ila kwa kelele ya eksozi usiutegemee sana huo mlio.

Ila tofautisha vitu viwili hapa, plagi kulegea na kofia ya plagi kulegea, dalili zake zinafanana fanana lakini ni matatizo mawili tofauti. Kofia za chuma za hizi ignisheni zinashika zile pembe sita za plagi kwa msaada wa ringi ya springi iliyo ndani, na ardhi ya umeme inapita kwenye waya wa kusuka unaofunika kebo. Ringi ikipotea au ikichoka kofia inacheza, inatikisika na injini, na ukiivua utakuta pembe za plagi zimesuguliwa mpaka zinang'aa huku ndani ya kofia kuna unga wa kijivu. Hapo injini inamisi, na mbaya zaidi cheche zinaruka mahali pasipotakiwa zinaanza kusumbua redio, servo (mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege) zinatetemeka. Hata ukitumia redio ya 2.4 GHz usilidharau hili. Kofia nzuri ukiisukuma inaingia kwa kukaza na ukiizungusha kwa vidole inagoma, ikiwa inacheza badilisha ringi au kofia yenyewe, mambo ya kuifunga na zip tai achana nayo.

Ukithibitisha kwamba ni plagi yenyewe, usikimbilie kuikaza kwa nguvu zote. Acha injini ipoe kabisa kwanza, hedi ni aluminiamu, ikiwa ya moto rezi zake, yaani nyuzi za skrubu, zinaharibika kirahisi. Puliza uchafu kuzunguka plagi ndio uifungue, mchanga ukidondokea ndani ya silinda unakwenda kukwangua pistoni. Ikitoka itazame washa. Washa mpya ina unene, ile iliyokwisha kubanwa mara nyingi imekuwa bapa, ngumu, haibani tena, na hii ndiyo sababu namba moja ya plagi kulegea kila mara, watu wanatoa na kurudisha plagi ile ile kila wiki kuangalia rangi halafu wanashangaa haikai. Badilisha. Injini nyingi za saizi hii zinatumia NGK CM-6 yenye rezi ya milimita 10, weka hiyo au inayolingana nayo kabisa. Plagi ya pikipiki usiweke eti kwa vile nayo ni milimita 10, urefu wa rezi ukizidi inaweza kugongana na pistoni, na kofia pia haitakaa.

Kurudisha sasa, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Futa kitako cha hedi kwa tambara safi, punje moja ya kaboni chini ya washa inatosha kuifanya ivuje. Ingiza plagi kwa vidole, au ichomeke kwenye kipande cha mpira wa mafuta uizungushe nao, mpira utateleza wenyewe kama rezi zimepishana na ndicho tunachotaka. Izungushe kwanza kinyume mpaka usikie kamlio ka rezi kudondokea mahali pake ndio uanze kuifunga. Ikigoma mapema itoe, usilazimishe. Ikifika mwisho kwa vidole chukua spana ya plagi, plagi mpya yenye washa mpya ongeza kama nusu mzunguko, yaani ukiwaza saa ya ukutani ni dakika thelathini, na ile iliyokwisha kutumika ni kama dakika tano tu. Mwenye toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, aweke kati ya 10 na 12 Nm. Grisi ya kuzuia kutu usipake kwenye rezi, plagi za NGK zina mipako yake tayari na ukipaka utakaza kupita kiasi bila kujua.

Ikilegea tena baada ya hapo basi tatizo sio plagi, ni mtikisiko. Pima balansi ya propela, angalia bolti za propela na za maunti ya injini (kishikizo chake), angalia hata ukuta wa mbele wa ndege kama mbao imepasuka. Injini inayotikisika inalegeza kila kitu, plagi ni ya kwanza tu kulalamika.

Na usiruke hivyo hivyo kwa kusema nitakaza nikitua. Plagi inamwaga joto lake jingi kwenye hedi kupitia rezi na washa, ikilegea joto linabaki kwake, ncha inawaka nyekundu na petroli inalipuka kabla ya wakati. Ukiwa unawasha kwa mkono injini ya namna hiyo inaweza kurudi nyuma kwa nguvu ikakupiga, na angani inaweza kutoboa pistoni.

Kama rezi za hedi zimekwisha, yaani plagi inazunguka tu bila kukaza, hapo spana haisaidii tena. Usifunge tepu ya bomba wala kumwaga gundi. Vua silinda, mpelekee fundi wa mashine aweke helikoili ya M10x1, ile springi ya chuma inayotengeneza rezi mpya, mwambie apime urefu ili isichungulie ndani ya chumba cha moto, na chips zote za aluminiamu zioshwe kabla ya kufunga. Ukishairudisha weka skrubu za kabureta kama kitabu cha maelekezo cha injini yako kinavyoelekeza uanze kuseti upya, ruka mara moja, tua, injini ikipoa pitisha spana tena kwenye plagi.