Namna ya Kumsoma Herman Melville Ukiwa Lamu

Wasomaji wengi wa Herman Melville, mwandishi wa Kimarekani, huanza na Moby-Dick, kitabu cha mwaka 1851 chenye sura 135, wakakwama kabla ya kufika nusu. Mimi nakushauri uanze na Typee cha mwaka 1846. Melville, aliyezaliwa New York mwaka 1819, alisafiri Januari 1841 akiwa baharia wa Acushnet, merikebu ya kuwinda nyangumi, na mwaka uliofuata akaitoroka katika kisiwa cha Nuku Hiva, Bahari ya Pasifiki. Kitabu hicho kinasimulia maisha yake miongoni mwa wenyeji, lakini kisome kama usikilizavyo masimulizi ya baharia aliyerudi kwao: alikaa huko takriban mwezi mmoja, naye kitabuni ameufanya minne.

Kisha soma White-Jacket cha mwaka 1850, kinachoeleza maisha ya mabaharia na adhabu ya viboko ndani ya manowari, neno ambalo sisi wenyewe tulilichukua kwa Waingereza.

Sasa shika Moby-Dick. Kisa chenyewe ni chepesi: Nahodha Ahab, aliyekatwa mguu na nyangumi mweupe, anazunguka bahari akitafuta kisasi. Kinachowachosha watu ni sura za maumbile ya nyangumi na vyombo vya kuwindia, kuanzia sura ya 32. Ukizichoka, ziweke kando kwa siku chache, lakini usiiruke sura ya 60, inayohusu kamba ya chusa, yaani mkuki wa kuwindia nyangumi. Ipeleke Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, uketi karibu na jahazi linaloundwa, na umwombe fundi akuonyeshe omo, yaani mbele ya chombo, na tezi, yaani nyuma yake, kwa sababu Melville anaeleza jinsi kamba hiyo inavyotoka tezi hadi omo ikipita katikati ya wapiga makasia, na jinsi inavyoweza kumnasa mtu na kumtupa baharini nyangumi anapokimbia nayo. Mvuvi yeyote aliyewahi kukatwa kiganja na mshipi ataielewa sura hiyo kuliko mwalimu wa fasihi, na wewe utaihitaji utakapofika mwisho wa Ahab.

Kitabu hicho hakikumtajirisha Melville. Kuanzia mwaka 1866 alifanya kazi ya ukaguzi wa forodha katika bandari ya New York kwa miaka 19, akafariki mwaka 1891. Billy Budd, kisa kifupi cha baharia kijana kilichokutwa katika karatasi zake, kilichapishwa mwaka 1924; kiache kiwe cha mwisho, nawe ukisome bila haraka.