Namna ya kupata byombo bya zamani bya kutengeneza biti humu Bukavu, na kubirudisha ku kazi

Batu benye banaanza kazi ya biti banakimbilia mashini, alafu kura (umeme) inakatika siku mbili na kazi inalala. Miye nasema anza na byombo bya mukono bya zamani, biko humu humu Bukavu, shida ni kujua kubichagula. Kwa kiti ya kawaida raboti moja (ya kulainisha muti) inatosha, sizo mbili (za kuchimba tundu), vilbreke (ya kutoboa na mukono) na meshi zake, zile chuma za kutoboa, basi. Sizo ya kwanza ikuwe ya milimetre 10, juu muti ya kiti ya milimetre 30 tundu yake inachukuaka sehemu moja ya tatu.

Ku soko ya Kadutu usisimame pale mbele kwenye banauzisha bipya, zile sizo zinang'aa na zinapinda ku muti ya kwanza. Ingia nyuma kwa batu ba feraye, bale banauzisha chuma kwa kilo, na ufike asubui mbele ya mvua. Lakini njia yenye minapenda sana ni familia ya menizye (fundi wa biti) wa zamani, kwenye papa alishakufa na sanduku ikabakia chini ya kitanda. Pale enda na heshima, salimia mama wa nyumba, ikala kwanza, usianze na bei hata! Ukiwa na bahati, sugua chuma na kidole, utaona simba ya Peugeot (ndiyo, bale ba motoka, mbele ya motoka balitengenezaka misumeno na raboti) ao jicho ya Goldenberg ya Ufaransa.

Sasa usiangalie muti ya raboti, angalia chuma yake. Chuma nyingi za zamani ni bintu mbili benye balibandika na moto, chuma laini juu na asye (chuma ngumu) nyembamba chini. Pitisha papye ya msasa kidogo pale penye makali inatelemuka, mustari itatokea, upande moja inang'aa kama kioo na ingine inabakia kijivu, ile yenye kung'aa njo inakataka. Fata ile mustari ku ubavu: kama asye imebakia chini ya upana ya kidole moja, acha, hata muti ikuwe muzuri namna gani, juu muti utatengeneza ingine lakini asye apana. Sizo yenye kutu imechimba mashimo mu mugongo (upande yenye haina mutelemuko) karibu na makali, acha pia. Meshi, angalia ile skrubu kidogo ya pua, ikiwa imevunjika haitavuta muti.

Kutu ni kazi ya usiku moja: lalisha chuma mu vinegri, asubui sugua na brosi, osha na maji yenye bikarbonati ya mandazi, kausha palepale ku jua na upake mafuta ya moteri. Usiisahau siku tatu, vinegri itaanza kula chuma yenyewe. Na mafuta ya ngazi tuachie sombe, ku chuma inagandaka na kukamata vumbi.

Kunoa, miye nilipoteza chuma moja ya raboti muzuri sana juu ya haraka. Nilipeleka ku garage moja kwenye kuko mashini ya kunolea, kijana akakamulia pale, cheche zikaruka, ncha ikageuka bulu, nikafurahi ati inapendeza. Bulu ni alama ya kama asye imeshakuwa laini, raboti ikakata mara tatu na ikalala. Kwa hiyo chukua kipande ya kioo ya dirisha, weka papye ya msasa namba 120 na maji, lalisha mugongo mpaka ing'ae pale karibu na makali, alafu 240, 400, 600. Ule mutelemuko upime na macho: urefu yake ikuwe mara mbili ya unene ya chuma, hapo uko karibu na digri 30. Malizia ku mukaba ya ngozi.

Mpini ya sizo, tafuta muti ya mapera yenye imekauka. Chini ya raboti pakaza bugi (mushumaa), itatelemuka yenyewe.

Jaribu ku kichwa ya grevilea, pale penye muti ilikatwa. Ikitoa kipande nyembamba na uso ya muti inabakia laini, anza kiti. Ikirarua, rudia ku kioo na papye ya 400, usirudie ku mashini.