Namna ya Kumbeba Mkwezi Aliyeanguka Mnazini

Mkwezi anapoanguka katika mashamba ya minazi ya Pangani au Muheza, mkoani Tanga, kwanza wazuieni wanaotaka kumkalisha na kumpa maji, kwa kuwa mfupa uliovunjika shingoni unaweza kuujeruhi ugwe mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, uliokuwa bado mzima.

Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa viganja viwili pembeni mwa masikio, na asikiachie. Yeye ndiye atakayehesabu moja, mbili, tatu, ili wengine watatu wamgeuze kama gogo, mabega, nyonga na miguu kwa pamoja, kisha ubao usukumwe chini ya mgongo. Mlango uliong'olewa bandani unatosha kabisa. Bodaboda haifai, hata kama hospitali ya Bombo iko karibu.

Ikiwa kichwa kimeumia, andikeni saa aliyoanguka. Utafiti wa CRASH-3, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu ajali hupunguza vifo kwa wenye majeraha ya ubongo yasiyo makubwa mno, hivyo saa hiyo ina thamani kuliko maelezo marefu ya namna alivyoanguka. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, kinyume chake, zilionekana mwaka 2004 kuongeza vifo vya waliojeruhiwa kichwani.

Akirudi nyumbani bila hisia miguuni, ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia, ili asipate vidonda vya kulalia, na makalio na visigino vikaguliwe kila siku kwa mwanga mzuri.