Dakika kumi na tano za kufundishana katika chumba cha kuzalishia

Muuguzi wa hapa Bukavu akitoka kwenye semina ya siku tatu hurudi na cheti, lakini mikono husahau upesi. Kwa hiyo sisi hufundishana palepale kazini, kila Jumanne wakati wa kupokezana zamu, namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua.

Hatua ya kwanza ni kuchagua stadi moja. Siku ya ambu, yaani mfuko wa kupumulishia, usifundishe jambo jingine lolote.

Hatua ya pili ni kukagua kifaa mbele ya wote. Ziba kinyago kwa kiganja, kisha ubonyeze mfuko. Ukinywea kwa urahisi, hewa inavuja mahali. Tuliwahi kukuta ambu iliyooshwa vizuri, ikaunganishwa bila vali na kurudishwa kabatini, na hakuna aliyejua hadi siku ya zoezi.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini, ni kila mmoja kumshika mdoli ambaye kifua chake hupanda hewa ikiingia. Mwenye saa aanze kuhesabu tangu mtoto “anapozaliwa”: akaushwe, asuguliwe mgongo, kichwa kilazwe nyuma kidogo tu kama cha anayenusa kitu, kinyago kifunike kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, na pumzi ya kwanza iingie kabla dakika 1 haijaisha. Kasi ni pumzi 40 kwa dakika, zikihesabiwa kwa sauti. Anayefundisha asitazame mkono, atazame kifua. Kisipopanda, mwanafunzi arekebishe kinyago na kichwa, aondoe ute, afungue mdomo kidogo, ndipo abonyeze kwa nguvu zaidi. Wengi huanza na nguvu; warekebishe kwa upole, kwa maana mama mkunga wa miaka ishirini kazini haaibishwi mbele ya wanafunzi.

Mkimaliza, zimeni taa mrudie kwa tochi ya simu, kwani umeme hauchagui saa ya kukatika. Madirisha nayo yafungwe kama siku ya kazi: mji wetu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na chumba cha kuzalishia kinatakiwa kuwa na nyuzi 25 au zaidi.

Mwishoni andika daftarini jina, tarehe na sekunde zilizopita hadi kifua kupanda. Aliyevuka 60 hurudia kesho yake asubuhi, kabla ya kuvaa glavu.