Kupiga picha ya moyo kwa sisi wenye kolesteroli ya kurithi
Baba alianguka shambani Hombolo akiwa na miaka 44. Mimi, mwembamba kama fito, LDL yangu, yaani kolesteroli mbaya, ilikutwa 7.2 mmol/L, juu mno. Kama ukoo wenu uko hivi, muulize daktari wa moyo unapigwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ipi kati ya hizi mbili.

Ya kuhesabu kalsiamu haina sindano, ila huonyesha tu utando wa mafuta wa mishipa ya moyo uliokwisha kuwa mgumu. Kwa kijana, sifuri isikulevye: mafuta laini yanaweza kuwemo ukutani mwa mshipa. Hayo huonekana kwa ile yenye dawa ya mshipani, pamoja na palipobana. Hiyo ina maandalizi: pima figo, taja mzio na dawa za sukari, acha kahawa na chai tangu jana yake. Mapigo yangu yalikuwa 84. Nikapewa kidonge, nikakaa benchini hadi yakafika 60. Dawa ikiingia utahisi joto kiunoni kama umejikojolea. Hujajikojolea.

Dai CD, siyo karatasi peke yake, ya kulinganishia baadaye. Yangu iko sandukuni na hati ya shamba. Kalsiamu ikipanda ukiwa kwenye statini, dawa za kushusha kolesteroli, usiache dawa. Statini zenyewe huufanya utando laini uwe mgumu. Watoto waanze na kipimo cha damu. Kila mmoja ana uwezekano wa kurithi wa nusu kwa nusu.